Friza ya Bi Barafu

Mjukuu wangu alianza kujiandaa wiki sita kabla ya sindano ya kwanza. Alibandika kalenda kwenye mlango wa friji, akazungushia siku ya kuanza duara jekundu, kisha akaacha kahawa, akaacha kukesha na simu, akawa analala mapema kama kuku. Miaka minane ya ndoa alikuwa amesubiri mtoto bila kumsumbua mtu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, na daktari alimwambia mayai yaliyobaki ni machache. Mzunguko huu wa kwanza wa sindano za kukuza mayai ndio ungeonyesha kama mwili wake bado una la kutoa.

Mimi naishi kwao. Nilimlea tangu ana miaka minne, mama yake, yaani binti yangu, alipofariki. Nilipozeeka yeye na mumewe wakanichukua, na wakaichukua na friza yangu. Kwa miaka thelathini na moja niliuza barafu kwa wauza samaki, wauza soda na wenye sherehe, mpaka watu wakasahau jina langu wakaniita Bi Barafu. Umeme ukikatika mtaani, majirani walikuja mbio na nyama zao na maziwa yao, nami nikavipanga katikati ya mabonge. Hakuna kitu kilichowahi kuharibika mikononi mwangu. Mjukuu wangu alisomeshwa na barafu. Sasa friza inakaa koridoni, na nusu yake nimeijaza chupa za maji yaliyoganda, kwa sababu moyo wangu haukubali kuiona tupu.

Mumewe ni fundi wa lifti, mrefu, mpole, wa maneno machache. Mimi humwita mume wangu. Mjukuu wangu nilikuwa namwita mke mwenzangu, naye akiniita hivyo hivyo, maana bibi na mjukuu hawaachi utani. Siku walipokuja kunieleza habari ya matibabu walikaa kwenye kochi wamebanana kama watoto waliovunja sahani. Walidhani nitawalaumu kwa kupeleka mambo ya chumbani kliniki. Nikawaambia mficha uchi hazai. Kisha nikasema, "Mke mwenzangu, zaa wewe. Mimi zamu yangu ilishapita." Akacheka mpaka akajifuta macho. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu wifi yake ajifungue mapacha.

Huko kliniki kulikuwa na muuguzi aliyemfundisha kujidunga kwa kutumia chungwa. Alimwacha ajaribu mara saba bila kumharakisha, na nje kulikuwa na foleni. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilimpenda kwa hilo. Nyumbani, mumewe naye alichukua chungwa akajifunza, jasho likimtoka, mtu anayening'inia kwenye mashimo ya lifti kila siku bila kuogopa. Nilimwambia chungwa halijapiga kelele, basi ana mkono mzuri.

Dawa zililetwa siku ya Jumatatu, siku tatu kabla ya duara jekundu. Zilikuwa kalamu za sindano zenye dawa ndani tayari, zimelala ndani ya boksi jeupe pamoja na karatasi ya maelekezo. Mjukuu wangu aliliweka boksi kwenye rafu ya katikati ya friji kwa mikono miwili, akaniambia, "Mke mwenzangu, hii lazima ikae kwenye baridi." Sikuisoma karatasi. Miwani yangu ilikuwa imekwaruzika kiasi kwamba hata sura za watu niliziona kama zimepakwa unga. Na mjukuu wangu ni fundi miwani. Mganga hajigangi, hata bibi yake hamgangi. Si kwamba hakutaka. Mimi ndiye niliyemkataza asijichoshe na macho yangu mpaka amalize shughuli yake.

Jumanne, wao wakiwa kazini, umeme ukakatika saa mbili asubuhi. Mafundi walikuwa wanabadilisha nguzo barabarani, na jirani alisema haurudi kabla ya jioni. Friji yetu naijua. Mpira wa mlango umelegea, na saa nne bila umeme zinatosha kuyeyusha siagi. Nilifikiria kumpigia simu mjukuu wangu, kisha nikakumbuka muuguzi alimwambia asipate wasiwasi wiki hii. Nikalitoa boksi, nikalifunga kwenye taulo safi, nikalishusha chini kabisa ndani ya friza, katikati ya chupa zangu. Nikaweka nyingine juu yake.

Umeme ulirudi alasiri. Saa kumi na moja nikalitoa. Nilifungua kuangalia, na kwa macho yangu yale mabovu niliona kalamu zimeingia utandu mweupe. Niliupapasa kwa kidole. Niliona fahari. Nilizifuta moja moja, nikazirudisha kwenye boksi, na boksi kwenye rafu yake, kabla mlango haujafunguliwa. Sikumwambia mtu. Nilijiwekea hiyo hadithi. Nilipanga siku mtoto huyo atakapoanza kunisumbua nimwambie, wewe nyamaza, mimi nilikulinda tangu ukiwa dawa.

Alhamisi jioni, saa moja kamili, tukaanza. Mumewe alisoma hatua kwa sauti, mjukuu wangu akakaa kwenye kiti chake kando yangu, akainua blauzi, mimi nikamshika mkono wa kushoto. Alinibana vidole, akadunga, akahesabu hadi kumi. Kisha akaniuliza kama ameniumiza. Yeye ndiye aliyedungwa, halafu ananiuliza mimi.

Tulifanya hivyo jioni tisa. Siku ya sita walimpima, wakaona mayai hayajakua hata kidogo. Daktari akaongeza kipimo cha dawa ile ile. Usiku ule alikula chakula chote bila kuacha, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Siku ya kumi walimpima tena, na vifuko vya mayai vilikuwa kama siku ya kwanza. Daktari akasimamisha matibabu. Alimwambia kwa upole kwamba mwili haukuitikia, na kwamba watu wa namna yake husaidiwa zaidi na yai la mwanamke mwingine, au wanaamua kupumzika.

Waliporudi, mumewe alikwenda moja kwa moja jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mjukuu wangu alikaa kando yangu. Hakulia. Aliniambia, "Bibi, nilikuwa namwonea mume wangu moyoni, nikidhani kasoro ni yake. Kumbe shamba lenyewe ni mawe." Nikamwambia asiseme hivyo. Akanipigapiga mkono, yeye akinibembeleza mimi.

Siku zilizofuata alikwenda kazini, akarudi, akalala. Kalenda aliibandua. Alisema Alhamisi atakwenda kliniki kusaini faili lifungwe, hataki yai la mtu wala sindano nyingine. Na kwa kuwa mikono yake haikuweza kukaa bure, alinitengenezea miwani.

Aliileta Jumapili asubuhi. Fremu ya kahawia, nyepesi, kioo amekisaga mwenyewe. Alinivalisha, akazirekebisha ncha zake nyuma ya masikio yangu kwa vidole viwili, akarudi nyuma kunitazama. Na mimi nikamwona. Nilikuwa sijui amekonda namna ile.

"Tafuta maandishi madogo," akasema. "Tuone kama nimepatia."

Nilifungua friji, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Boksi jeupe lilikuwa bado pale, na kalamu moja ambayo haikutumika. Nikatoa karatasi ya maelekezo, nikaanza kusoma kama ninavyosoma mimi, neno moja, kisha linalofuata. Ihifadhiwe kwenye friji. Isigandishwe. Ikiganda isitumike, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri, kwa kuwa itakuwa imepoteza nguvu.

Nilirudia mstari huo mara tatu.

"Inasomeka?" akaniuliza.

"Inasomeka," nikamwambia.

Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu siku ya kumi, la fundi aliyepatia kazi yake, na nilishindwa kulivunja. Nikaikunja karatasi, nikairudisha.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Jumapili ile na Jumatatu na Jumanne nilikaa nayo. Nitasema kweli: nilitafuta njia ya kunyamaza. Nilijiambia huenda dawa haikuharibika. Nilijiambia amekwisha kukubali, kwa nini nimwamshe. Nilijiambia mimi ni mzee, na sina mtu mwingine duniani, na yeye akinichukia nitakwenda wapi. Lakini kila nikimsikia anatembea bafuni nilijua anajitazama kwenye kioo na kuuchukia mwili wake kwa kosa ambalo mwili haukufanya. Na Alhamisi ilikuwa inakuja.

Jumatano nilivaa vizuri nikaenda kazini kwake. Ni chumba kimoja chenye kaunta mbele, na nyuma yake meza ya kazi, taa ndefu ya shingo, na mashine ya kusaga vioo inayodondosha maji. Alikuwa ameshika kioo kwenye jiwe la mashine. Aliponiona alidhani miwani inanibana.

"Ile dawa niliigandisha mimi," nikasema.

Hakuelewa. Nikamweleza siku ya umeme: asubuhi nimeitia kwenye friza, saa kumi na moja nimeitoa. Mashine iliendelea kuzunguka. Maji yalimtiririkia kwenye kifundo cha mkono.

"Uliona imeganda?"

"Niliona."

"Ukafurahi," akasema. Hakuwa anauliza. Ananijua.

"Nilifurahi."

Akazima mashine. Akakitazama kile kioo, akakiweka kwenye kitambaa polepole, kisha akafuta mikono, kidole kwa kidole.

"Siku tisa nilijidunga maji," akasema. "Na Jumamosi nimemwambia mume wangu atafute mwanamke mwingine. Nimemwambia aende, nisimzeeshe bure. Alilia, Bibi. Mwanamume mzima. Alisimamisha gari pembeni akalia."

Nilimwambia sikujua. Maneno hayo yana uzito gani, nimeyapima tangu siku ile na sijaona. Akasema anajua sikujua. Akasema angependa ningekuwa nimejua, ili apate pa kukasirikia.

Akaingia mteja, mzee wa miaka yangu, amekuja kuchukua miwani. Mjukuu wangu alikwenda kaunta, akamvalisha, akamwuliza kama inambana nyuma ya masikio, akairekebisha kwa vidole viwili vile vile. Alimsubiri mzee asome ubao wa herufi ukutani mpaka mstari wa chini. Nilisimama karibu na mashine nikitazama. Mzee alipoondoka, alitoka nje akaniitia teksi, akanifungulia mlango, akamwambia dereva aende taratibu kwenye matuta, amembeba bibi yake. Kisha akarudi ndani. Hakunipungia mkono.

Alhamisi walikwenda kliniki wote wawili, lakini faili hawakulifunga. Mumewe ndiye aliyenisimulia, amechuchumaa mbele ya kiti changu ili asiongee akiwa juu yangu. Muuguzi alisikiliza yote bila kusema neno la kunilaumu, akasema yeye ndiye alipaswa kuwaeleza kwa mdomo na si kwa karatasi tu. Ule ulikuwa wema, najua. Daktari alisema majibu yale yasihesabiwe. Wangoje miezi miwili, waanze upya. Ila hakuwaahidi kitu. Mayai bado ni machache, na sasa kuna miezi ambayo haitarudi.

"Yeye anasemaje?" nikamwuliza.

"Analala," akasema. "Mpe muda, mke wangu mkubwa."

Nilimwomba aiuze friza, au aigawe, au aipasue kwa nyundo. Aliichomoa umeme, akazitoa chupa zangu uani moja baada ya nyingine. Ziliyeyuka siku nzima. Mjukuu wangu alirudi kutoka kazini akazikuta, akazipita, akaingia chumbani.

Miezi miwili imekwisha. Dawa mpya ziko kliniki, kwenye friji ya muuguzi, na kila jioni saa kumi na mbili na nusu wanatoka, akadungwe huko huko. Sikuuliza kwa nini. Mumewe huniaga, huniambia hawatachelewa. Mjukuu wangu hunisalimia asubuhi na jioni, huniuliza kama nimekula, hunikatia kucha Jumamosi. Hajawahi kuniinulia sauti. Ila sasa ananiita Bibi tu. Lile jina letu la utani halijarudi mdomoni mwake, na mimi sina uso wa kulianza.

Jana, kabla ya kutoka, alisimama mbele yangu akanivua miwani. Bila miwani alikuwa tena kama amepakwa unga, sikuweza kuona uso wake umekaaje. Nilimsikia anaipulizia pumzi, anaifuta kwa pindo la blauzi, upande huu na upande huu, muda mrefu kuliko inavyohitajika kufuta miwani. Akanivalisha. Nilipoweza kuona, alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, na mumewe amemshikia mkoba.

Saa moja ilipogonga nilikuwa peke yangu sebuleni. Nilinyoosha mkono juu ya kiti chake, nikahesabu hadi kumi.