Barua ya Maji ya Kilungu

Jumatatu ile ya Juni 1946, siku mbili baada ya gwaride la ushindi wa vita, Koplo Kivuva alitoka kambini London akiwa na vitu viwili vya kumkera: viatu na Hassan.

Viatu alipewa vipya kwa ajili ya gwaride. Vilimchuna visigino Jumamosi, vikaloa mvua, vikakauka, na sasa vilikuwa vigumu kama gome la mti. Hassan naye hakupewa na mtu. Walikuwa pamoja tangu vitani kule Bama, ambako Hassan aliendesha lori na Kivuva akatandaza nyaya za simu. Hassan alikuwa mzaliwa wa Kitui mjini. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa Kitui, akabaki huko. Basi Hassan aliamini kwamba mtu aliyekulia mjini hawezi kupotea mjini, hata uwe mji gani.

"Tuulize njia," Kivuva alisema walipotoka kwenye bustani kubwa zilikopigwa hema zao.

"Tuulize nini? Mji ni mji, bwana. Fuata barabara pana, itakufikisha kwa wakubwa."

Na kwa wakubwa ndiko Kivuva alikokuwa akienda. Mfukoni mwa shati, juu ya moyo, alikuwa na barua aliyoibeba kutoka vilima vya Kilungu huko Ukambani, na alikuwa ameapa mbele ya mama yake kwamba ataitia mkononi mwa serikali yenyewe.

Barua ilihusu maji. Miaka miwili nyuma, Kivuva akiwa vitani, mpima ardhi alipanda Kilungu kuweka mpaka wa msitu wa serikali. Wazee walimwonyesha mahali walipokubaliana, juu ya chemchemi. Mvua ikaanza, mpima akaharakisha, na kigingi cha mpaka kikagongwa chini ya chemchemi badala ya juu yake. Tangu siku hiyo maji waliyokunywa mababu yakawa mali ya msitu. Ndila, mama yake Kivuva, alikamatwa na askari wa msitu akiwa na kibuyu mgongoni. Kibuyu kikapasuliwa palepale, naye akafungiwa siku mbili kwenye kambi ya chifu, mwanamke wa karibu miaka sitini, mtu wa kanisa, ambaye hata mbuzi wa jirani wakila kunde zake huwarudisha kwao kwa upole.

Kivuva alipofika nyumbani kwa likizo, walikwenda pamoja kwa chifu. Chifu akasema jambo hilo ni la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Karani wa Bwana Shauri akasema, bila kuinua macho, "Mpaka umeshachorwa kwenye ramani, na ramani imekwenda London."

Njiani kurudi, walipoanza kupanda kilima, Ndila akauliza. "London si ndiko unakopelekwa?"

"Mwaitu, mama yangu, mimi ninakwenda kupiga gwaride tu."

"Na ukishapiga hilo gwaride, utakuwa umekatwa miguu?"

Basi Mutiso, mwalimu wa kanisa, akaandika barua, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kiingereza, na wanawake ishirini na watatu wakaitia alama za vidole gumba.

Barabara pana ya Hassan iliwafikisha kwenye sanamu ya mtu juu ya farasi. Hassan akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Sijui."

"Lazima alikuwa mtu wa maana. Angalia farasi wake alivyonenepa."

Wakaenda. Sanamu ya pili. Hassan akasimama tena, akaizunguka yote, akataka kujua huyu naye ni nani na mbona hana kofia. Ya tatu ilikuwa juu ya nguzo ndefu kiasi kwamba uso wake hauonekani kutoka chini, na hata hapo Hassan alisimama, shingo ameikunja nyuma, mpaka kofia ikamdondoka. Ikulu ya Mfalme waliiona. Saa kubwa juu ya mnara waliiona, nayo ikalia wakiwa chini yake, Hassan akaruka kama aliyepigwa kofi. Kivuva hakufurahia chochote. Kila kitu kilichokuwa kizuri kilikuwa pia mbali na kile kilichotangulia, na umbali wote ulipimwa na visigino vyake.

"Sasa nauliza," akasema.

Akamwendea polisi mmoja mrefu, akamwonyesha anwani aliyoiandika Mutiso. Polisi akaeleza vizuri kabisa, kwa mkono na kwa mdomo. Walipopiga hatua kumi, Kivuva akasema ni kushoto baada ya kanisa, Hassan akasema ni kulia kabla ya kanisa, na makanisa yalikuwa matatu.

Wakavuka daraja. Wakatembea muda mrefu kando ya mto, wakavuka daraja jingine kurudi walikotoka. Watoto waliwafuata wakizitazama kofia zao. Bibi mmoja alimkamata Kivuva mkono akamshukuru kwa vita, akamshukuru tena, akakataa kumwachilia, na alipoulizwa njia akasema yeye mwenyewe ni mgeni, amekuja kuona taa za sherehe ya ushindi.

Mchana ulikuwa umesonga walipotokea mahali ambapo mji uliisha ghafula. Mbele yao lilisimama kanisa kubwa lenye paa la mviringo kama chungu kilichofunikwa, lakini pembeni yake hapakuwa na kitu. Mtaa baada ya mtaa ulikuwa kifusi na mashimo. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama, ghorofa tatu, na juu kabisa palikuwa na jiko la kuotea moto lililoning'inia hewani, na karatasi za ukutani zenye maua ya waridi.

Hassan hakuuliza hii ni nini. Wote wawili walikuwa wameona Bama.

Ndani ya shimo moja, palipokuwa zamani na nyumba, mwanamke wa Kizungu aliyevaa viatu vya kiume alikuwa akipalilia maharagwe. Kivuva aliyatazama maharagwe yale. Yalipandwa karibu karibu mno, na udongo ulikuwa umejaa vipande vya matofali, lakini yalikuwa yameshika. Mwanamke alikuwa amechota maji kwa ndoo kutoka mahali mbali, maana sketi yake ilikuwa imelowa upande mmoja wote.

"Mnatafuta nini?" akawauliza.

Kivuva akampa karatasi ya anwani. Akaisoma, akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Mmekwenda mbali mno. Ni karibu na ile saa kubwa. Lakini hata mngefika, leo ni sikukuu. Jumatatu ya Pentekoste. Hakuna ofisi hata moja iliyofunguliwa."

Kivuva aliketi juu ya rundo la matofali. Alivua kiatu cha kushoto. Soksi ilikuwa imegandamana na kisigino.

"Wewe si ndiye mtu wa kanisa?" Hassan akasema kwa Kiswahili. "Mimi Mwislamu ndiye niliyetakiwa kujua Pentekoste?"

"Pentekoste ilikuwa jana! Kwetu tunaomba siku moja, kisha tunarudi shambani!"

"Usinifokee. Sikuiweka mimi hiyo sikukuu."

"Umenizungusha London nzima kwa sababu ya farasi wa mawe, Hassan! Farasi wa mawe!"

Mwanamke hakuelewa maneno, lakini alielewa kisigino. Akawaletea maji kwenye kikombe cha bati, akampa Kivuva kitambaa safi afunge mguu. Akauliza barua ni ya nini. Kivuva alipomweleza, aliitazama ndoo yake. "Maji ni jambo la kuandikia barua," akasema, akaendelea kupalilia.

Walirudi kambini, Kivuva akitembea mbele peke yake. Asubuhi Hassan alikuwa ametafuta mafuta ya mgando kwa mpishi na kuvilainisha viatu vya Kivuva, ndani na nje. Kivuva akavivaa.

Siku hiyo ya Jumanne waliruhusiwa kutoka mpaka saa kumi. Walifika kwenye ofisi saa nne kasorobo. Bawabu mlangoni akasema hapa si penyewe, barua za Afrika zinapokelewa jengo la pili. Jengo la pili likawatuma la tatu, upande wa nyuma. La tatu likasema barua za mipaka ya ardhi hupokelewa kule kwenye lile la kwanza.

"Tumetoka huko," Kivuva alisema.

"Basi mnaijua njia," akajibiwa.

Kivuva alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alirudi kwa bawabu wa kwanza, akasimama wima kama kwenye gwaride, akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu kwenye ngazi kwamba amepigana vita miaka minne, ametembea siku mbili, na haondoki hapo mpaka mtu aisome barua ya mama yake. Hassan akasimama kando yake, wima vilevile. Bawabu aliwatazama, akatazama nishani zao, akapanda juu.

Alishuka na karani kijana mwenye shingo nyembamba. Karani aliwaingiza kwenye chumba, akaisoma barua yote, pande mbili, ingawa Kiswahili hakukijua. Kisha akakunjua ramani mezani.

"Nionyeshe mahali penyewe."

Kivuva aliinama. Aliiona Nairobi, akaiona reli, akaiona Machakos. Alipoweka kidole palipotakiwa kuwa Kilungu, kidole kiliifunika Ukambani karibu yote. Akakiondoa. Chini yake palikuwa peupe.

"Haipo," karani akasema.

"Ipo. Mimi nimetoka huko."

"Kwenye ramani, namaanisha."

"Karani wa kwetu alisema ramani yenye mpaka wetu iko hapa!" Kivuva alimgeukia Hassan, kana kwamba Hassan ndiye karani wa Bwana Shauri. "Walituambia iko hapa!"

Karani alikuna kichwa. Akachukua penseli, akauliza jina linaandikwaje, na Kivuva akamtajia herufi moja moja. Karani akatia nukta upande usiofaa wa reli. Kivuva akamwambia siyo hapo. Akaifuta, akatia nyingine. Kisha akagonga muhuri juu ya barua na kusema itashughulikiwa.

"Lini?"

"Itashughulikiwa," akarudia karani.

Kivuva aliporudi Kilungu, Ndila alimpokea kilimani kwa swali moja tu. "Uliifikisha?" Wengine walitaka habari za Mfalme. Kivuva aliwasimulia kuhusu maharagwe yaliyopandwa ndani ya nyumba iliyobomolewa, na hawakumwamini.

Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na moja. Chifu alimwita Kivuva, akamkabidhi bahasha nene. Barua ya Mutiso ilikuwa ndani, alama zote za vidole zikiwepo, na juu yake kila ofisi ilikuwa imebandika karatasi yake: London, Nairobi, Machakos. Karatasi ya mwisho ilisema waombaji wapeleke shauri lao kwa Bwana Shauri wa eneo lao.

Kivuva alisoma mara mbili akiwa amesimama. Angeweza kuitafuna karatasi ile.

"Soma tena hapo mwisho," Ndila alisema jioni. Akasoma. Mama yake akaendelea kuchambua mbaazi kwa muda. "Kwa hiyo maji yetu yamekwenda Ulaya na kurudi, na bado yako pale pale."

Lakini karatasi nyingi hivyo zilimtia mtu wasiwasi mahali fulani, kwa sababu baada ya wiki tatu alikuja Bwana Shauri mpya, kijana, kuuliza ni nani anayeandikia London. Kivuva akaambiwa ampandishe mpaka kwenye chemchemi. Walitembea kutoka barabara ya Mombasa, saa mbili za kupanda, na Bwana Shauri alifika amekuwa mwekundu kama pilipili. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alipiga magoti akanywa kwenye chemchemi kwa viganja, akanywa tena. Kisha akatoa mnyororo wa kupimia na daftari.

"Yadi arobaini na tatu kutoka kigingi mpaka chemchemi," akasema mwishowe. "Mpima alikosea."

"Basi kigingi kihamishwe," Ndila akasema, na Kivuva akatafsiri.

"Sina mamlaka ya kukihamisha. Kimo kwenye ramani." Aliandika cheti akakitia sahihi. "Lakini ninawaruhusu wanawake kuchota maji Jumanne na Ijumaa."

Kivuva alisita kutafsiri. Alipotafsiri, Ndila alimgeukia mwanawe.

"Mwulize kama kwao kiu ina siku."

Kivuva hakuuliza. Wanawake walichota Jumanne na Ijumaa, na Jumatano, na siku zote, kila mmoja akipita na kile cheti kwa zamu. Askari wa msitu hakujua kusoma, naye alichoka kubishana na watu wenye karatasi yenye sahihi. Mwaka 1951 mchwa walikimaliza kigingi. Hakuna aliyeleta kingine. Kufikia hapo Kivuva alikuwa amepanda nduma chini ya chemchemi, na Hassan, aliyekuja kutoka Kitui kumtembelea, alipotea vilimani nusu siku kwa kukataa kuuliza njia.