Laptopu Iliyonukia Harusi

Ijulikane mapema kwamba mimi si mtu wa kushindwa na mashine. Nusu ya mafriji ya mtaa wetu wa Barani yamepita mikononi mwangu, na feni za misikiti miwili juu yake. Muulize mtu yeyote hapa Malindi nyumba ya fundi Stambuli, atakuleta mpaka mlangoni. Ndiyo maana siku niliyokwenda Kilifi na laptopu ya mke wangu niliificha kikapuni, chini ya mafungu mawili ya mchicha. Sikutaka watu wanione, fundi mzima, napeleka chombo kwa fundi mwenzangu.

Mke wangu ni Mahfudha. Amefundisha watoto wa chekechea miaka ishirini na miwili, na baadhi ya wanafunzi wake sasa wana ndevu ndefu kuliko zangu. Alichokosa ni cheti. Shule ilipotangaza kwamba kuanzia Januari asiye na stashahada hatasimama tena mbele ya darasa, atabaki kufunga vifungo vya mashati na kugawa uji, Mahfudha hakulalamika. Alijiandikisha chuoni akiwa na miaka hamsini na minne, akasomea nyumbani kwa laptopu aliyonunuliwa na binti yetu Amal.

Mtihani wa mwisho nao hufanyiwa humo humo kwenye laptopu, kwa muda wa masaa mawili, kamera ikimtazama. Ukikatika, umekatika. Mwezi wa nne, Aprili, Mahfudha alikuwa dakika ya arubaini, yuajibu vizuri, mara kioo kikawa cheusi. Laptopu ilikuwa ya moto hata huwezi kuishika chini. Chuo kikampa nafasi moja tu ya mwisho, Jumamosi saa nne asubuhi, miezi miwili mbele. Akiikosa hiyo, aanze mwaka upya, na alikwisha kuapa kwamba haanzi.

Basi nikajifunga kibwebwe. Kwanza nililaumu joto la Malindi. Kisha nikalaumu umeme, nikabadilisha waya wa chumba kizima. Kisha chaja. Nikaiinua laptopu juu ya vifuu viwili vya nazi ili ipate hewa kwa chini, nikaiwekea na feni ya mezani ubavuni. Ikazidi. Iliyokuwa ikizima baada ya dakika arubaini ikawa yazima baada ya thelathini, kisha ishirini. Hapo nikaacha kulaumu umeme nikaanza kulaumu binadamu. Shangazi yake jirani yetu Farid alikuwa amekuja nyumbani akamsifu Mahfudha kwa usomi wake tangu kizingitini mpaka jikoni bila kutaja jina la Mungu hata mara moja. Nikasema moyoni, hiki ni kijicho.

Na kwa kijicho nilikuwa na dawa tayari.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Farid amenicheka nalo sana. Miaka thelathini Mahfudha amenifukiza kanzu yangu kila Ijumaa. Yeye hushika chetezo, mimi huinua mikono, moshi wa udi ukaingia kwa chini ukatokea shingoni, na hivyo ndivyo niendavyo msikitini. Alipoanza masomo hakuwa na wasaa tena. Nami sikumdai. Nilichukua chetezo mimi. Kila siku baada ya alasiri alipoketi kusoma, niliwasha makaa, nikatia udi anaoupika dada yangu kwa sukari na marashi, nikakiweka chetezo chini ya meza. Meza hiyo niliipigilia mwenyewe, na vibao vyake vimeachana, kwa hivyo moshi ulipanda moja kwa moja hadi kwake. Farid alisema hajapata kuona mwanamume akifukiza mwanamke. Nikamwambia ndiyo maana mkewe hamchekei.

Basi baada ya mwezi wa nne, kwa sababu ya kijicho, nikaongeza udi. Kipande kimoja kikawa viwili. Laptopu ilipozidi kuzima, viwili vikawa vinne. Dawa ya moto ni moto, nilijiambia, na nikajiona mwerevu.

Jumatano ya wiki ya mtihani nilimkuta Mahfudha ameufunga mtambo wake, ameweka mikono juu ya kifuniko. Alisema kwa sauti ya chini kwamba pengine Mungu hakumwandikia, na kwamba kufunga vifungo vya mashati nayo ni kazi ya heshima. Mke wangu hakukata tamaa hata tulipokaa miaka saba bila mtoto. Nilitoka uani nikajifanya nanawa uso.

Mteja wangu mmoja, Gerishom, aliwahi kunitajia fundi wa kompyuta hodari pale Kibarani, Kilifi. Alhamisi asubuhi nikafungasha mchicha wangu nikaenda.

Nilitarajia mzee mwenzangu mwenye miwani. Nikamkuta msichana wa miaka ishirini na kitu, amejifunga leso kiunoni, bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Akanipa shikamoo, akasema jina lake ni Kache. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiye na jina, nikaitoa laptopu. Jani moja la mchicha lilikuwa limeganda juu yake.

Akanitazama. Akalitoa jani. Akanitazama tena.

“Wewe si fundi Stambuli? Ulitutengenezea friji ya soda kule Tezo, dukani kwa baba yangu, mzee Kazungu.”

Kilomita zote zile, na aibu ilikuwa imenitangulia ikaketi kunisubiri. Nikakubali kwamba ndimi.

Kache hakukimbilia bisibisi, na hapo nikaanza kumheshimu. Aliniuliza maswali kwanza. Yazima baada ya muda gani, na je, huwaka papo hapo au mpaka ipoe? Imewahi kuanguka? Imewahi kumwagikiwa? Kisha akaiwasha, akakata ukanda mwembamba wa karatasi akausogeza penye matundu ya ubavuni, pale upepo wa moto unapotokea. Ndani feni ilikuwa ikinguruma. Karatasi haikutikisika.

Alinionyesha kwa kidole tu. Nilielewa, kwa maana jaribio hilo nimelifanya kwenye mafriji zaidi ya elfu. Feni ikizunguka na upepo usitoke, njia imeziba. Kwa nini sikulifanya nyumbani kwangu ni swali ambalo hata leo sipendi kuulizwa.

Alifungua skrubu tisa, akainua bamba la chini. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea kulikuwa na kitu cheusi kimelala kama kipande cha blanketi. Kache alikibana kwa kibanio akakivuta, kikatoka kizima, kimeshikana, chanata. Akakinusa. Akakinusa tena huku amekunja uso.

“Mzee,” akasema, “mbona hii yanukia harusi?”

Nilikuwa naiona meza yangu yenye vibao vilivyoachana. Nikaviona na vifuu viwili vya nazi nilivyoinulia laptopu ili moshi upate kuingia vizuri zaidi. Nikaiona feni ya mezani niliyoiweka kuupuliza huo moshi usipotee njia. Miezi minane nilikuwa namsomea mke wangu dua kwa mkono mmoja na kuikaba mashine yake kwa mkono wa pili.

Nikamweleza Kache yote. Alisikiliza huku ameziba mdomo kwa ncha ya leso, na mabega yakimtikisika. Alipoweza kusema, akanieleza taratibu kwamba vumbi peke yake lingepulizwa likatoka, lakini moshi wa udi una mafuta na sukari, ukikutana na vumbi hugeuka gundi. Feni hiyo huvuta hewa kutoka chini, na chini ndipo nilipoweka makaa.

“Siku ile dukani ulimkaripia baba mbele ya wateja,” akasema. “Alikuwa ameisukuma friji mpaka ukutani, ameijazia magunia nyuma. Ulimwambia, ‘Kazungu, friji nayo hupumua, ukiiziba pua itakufa.’ Mpaka leo hulisema neno hilo kila mtu akiegemeza kitu pale. Na hii, mzee, pua yake iko chini.”

Nilicheka. Nilikuwa sina la kufanya ila kucheka, na kusema kweli nilifurahi, kwa maana ugonjwa uliojulikana nusu umepona. Aliisugua feni kwa brashi na spiriti, akakwangua dawa ya kupozea iliyokauka juu ya moyo wa mashine akapaka mpya, akafunga. Kisha akaiacha iendeshe video kwa masaa mawili kamili, muda wa mtihani, huku tunakula mihogo ya kukaanga. Ile karatasi sasa ilipepea. Mchicha nilimwachia.

Nyumbani nilimwambia Mahfudha kwamba lilikuwa vumbi. Vumbi lilikuwamo, sikusema uongo. Sehemu nyingine ya habari niliimeza. Alasiri ile akaketi kusoma, nami nikaketi barazani mikono mitupu, chetezo nimekificha nyuma ya pipa la maji. Laptopu haikuzima. Nilidhani atatoka akiwa na furaha. Alitoka kimya, akanipa chai, akarudi ndani.

Ijumaa ikawa vivyo hivyo. Baada ya alasiri alikuja akasimama mlangoni.

“Baba Amal, ukiwa umechoka na masomo yangu niambie. Usininyime udi kimya kimya, siku moja kabla ya mtihani.”

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa tayari kubeba aibu ya fundi, lakini si kumwona mke wangu akidhani nimemtoa moyoni. Nikamketisha nikamwambia yote: blanketi jeusi, vifuu vya nazi, feni ya mezani, na friji ya mzee Kazungu. Nikamwambia hata mchicha.

Akaanza kucheka polepole, akaendelea mpaka mtandio ukamteleza kichwani, machozi yakamtoka, akashika ukuta. Farid alichungulia kuuliza kama tu wazima.

“Nami namkwepa shangazi yake Farid njiani mwezi mzima,” akasema alipopata pumzi. “Kumbe hasidi mwenyewe nampikia.”

Nikamuuliza sasa tufanyeje, kwa maana kuingia kwenye jambo kubwa bila udi nilijua hawezi, na mimi pia siwezi. Alifikiri kidogo tu. Ndiyo tofauti kati ya mwalimu na fundi.

“Nifukize mimi,” akasema. “Mashine iache.”

Jumamosi asubuhi, mbali uani, nikawasha makaa. Alisimama amevaa gauni lake la idi, akainua mikono kama niinuavyo mimi siku zote, nami nikakipitisha chetezo chini ya gauni, kisha nikaufukiza na mtandio pande zote mbili. Nilitia vipande vinne. Aliingia ndani akinukia mpaka paka wa jirani akamfuata, nikamzuia paka mlangoni.

Saa nne kamili mlango ukafungwa. Nikaketi barazani na saa yangu. Nilimzuia Farid asiwashe pikipiki, nikamzuia muuza samaki asipige kelele, nikamzuia na shangazi yake Farid, ambaye alitaka kuingia kumtakia heri. Huyo nilimwomba radhi kimoyomoyo. Dakika ya arubaini ilipofika sikuweza kuketi. Nilisimama nimeweka sikio kwenye dirisha. Nikasikia vidole vyake vikigonga, tak tak tak, kama mvua ndogo juu ya bati. Nilibaki hapo hapo mpaka miguu ikafa ganzi.

Saa sita mlango ukafunguliwa. Mahfudha alinipita, uso mkavu, akaenda uani. Nikamsikia akipuliza makaa. Akarudi na chetezo kinatoa moshi.

“Inua mikono,” akasema.

“Mtihani je? Imezima?”

“Inua mikono kwanza. Miezi minane sijakufukiza kanzu.”

Nikainua. Moshi ukaingia kwa chini, ukapanda mgongoni, ukatokea shingoni. Yeye alikuwa ameinama, simwoni uso, anazunguka nami taratibu kama ilivyo desturi yake. Alipofika nyuma yangu ndipo aliposema.

“Haikuzima. Sabini na nane kwa mia. Matokeo yametoka pale pale.”

Sikuruhusiwa kushusha mikono, alikuwa hajamaliza. Basi machozi yalinitoka hivyo hivyo, mikono juu, barazani, mchana kweupe, mbele ya Farid na muuza samaki. Farid akauliza kuna nini tena kwa mzee. Mahfudha akamjibu kwamba ni moshi tu, na akaniongezea kipande cha tano.