Mjane wa Karatasi

"Andika mke," Radjabu alisema, akanisukumia fomu juu ya meza. "Ukiandika dada, hii kahawa itaozea hapa Muyinga."

Kalamu aliyonipa ilikuwa imetafunwa kichwani. Manase alikuwa hajatimiza wiki tatu kaburini.

"Manase ni ndugu yangu," nilisema.

"Mi najua. Nani hapa hajui? Bukuru na Butoyi! Hata mbuzi ya Muyinga inajua." Akacheka peke yake. "Shida iko kule."

Kule ni Ulaya, kwa mnunuzi wetu na wakala wake wa kupokea mizigo. Mkataba wa kahawa ya wakulima wa Nyarusange, mkoani Gitega, uliandikwa kwa jina la Manase, kwa sababu ndiye aliyemtembeza mnunuzi yule mashambani, akamwonjesha punje nyekundu mtini. Malaria ilipomchukua, magunia yalikuwa yameshatoka Gitega. Yakakwama kwenye ghala la Radjabu, wakala wetu wa kusafirisha mizigo, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Tanzania. Mimi, katibu wa chama chetu cha wakulima na ndugu yake wa karibu, ndiye niliyetakiwa kutia sahihi mahali pake. Nikapeleka cheti cha kifo na kitambulisho changu. Baada ya siku nne vikarudishwa na swali: hawa ni ndugu gani wasio na jina moja la ukoo? Na mbona wamezaliwa tarehe moja, mwaka mmoja? Walidhani kitambulisho changu kimeghushiwa kutoka kwenye cha marehemu.

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Na mapacha hata hawachaguliwi: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Tulizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, Tanzania. Manase alinitangulia kwa dakika chache, na maisha yake yote alizitumia dakika hizo kuniamuru. "Mimi mkubwa wako, lete maji." Tuliporudi Burundi tukiwa watu wazima, mvi zikianza kumtoka kidevuni, bado alisema hivyo, na bado nilileta.

"Nitaandika barua niwaeleze," nikamwambia Radjabu.

"Barua! We Mtanzania na Kiswahili yako ya redio. Meli ya Dar itangoja barua? Sikia, mama. Mume na mke, majina mbalimbali, tarehe moja ni bahati tu, bon, sawa, wanakubali. Kaka na dada, majina mbalimbali, hapana. Mi nilishaeleza mara mbili. Hawaelewi."

"Kwa hiyo unataka niolewe na pacha wangu kaburini."

"Mi nataka magunia itoke kwa depot yangu. Mvua iko inakuja. Kahawa yenu ikilowa, nani atanusa? Mi, si wewe."

Nilimchukia. Nilichukia pete yake, na namna alivyotamka "marehemu" kana kwamba ni aina ya bidhaa. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa ananisaidia.

Simu ikalia. Alikuwa Eliud, aliyeshika uenyekiti wa chama baada ya Manase, na nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi.

"Dada Adventina, umeshatia sahihi?"

"Wanataka niandike kwamba nilikuwa mke wake."

Akawatuliza watu walio nyuma yake. Nilidhani ameshtuka.

"Sasa familia arobaini zikose pesa za mwaka mzima kwa sababu ya neno moja?" akasema. "Manase mwenyewe angeliandika."

"Manase ungemwambia hivyo?"

Alishakata.

Niliandika MKE, kwa herufi kubwa, kama fomu ilivyotaka. Nikatia sahihi. Radjabu akagonga mihuri yake, akapuliza wino ukauke.

"Bon," akasema. "Pole kwa kufiwa na bwana."

Nilimpiga kofi. Kofia yake ikaangukia chini ya meza. Hakunirudishia, aliinama akaiokota, akaikung'uta vumbi, akatoka kumwita dereva.

Lori liliondoka siku ileile. Sikungoja kuliona.

Miezi mingi ikapita. Pakiti ikanifikia nyumbani, mtaa wa Yoba, Gitega, kutoka kwa mnunuzi: kahawa yetu, imekaangwa, imetiwa kwenye mfuko mzuri wenye maandishi ya Kifaransa. Kifaransa changu ni cha sekondari, lakini kilitosha. *Kahawa hii ni kazi ya Manase Bukuru. Imetufikia kwa juhudi za mjane wake, Adventina Butoyi.*

Jirani yangu Kasilda, ambaye mama yake ana miti mia mbili ya kahawa kule Nyarusange, alikuwa amekaa nami uani. Hajui kusoma.

"Wameandika nini?" akauliza.

Nikamsomea majina tu.

"Bukuru na Butoyi," akarudia polepole, akatabasamu. "Kumbe wazungu nao wanaelewa."

Nikampa mfuko aushike mwenyewe.