Anasalimia Wote Kasoro Mzee Zablon

"Muuza maji anasalimiwa! Mama Erica anasalimiwa! Hata yule mwendawazimu anayepita akiimba, naye anapata shikamoo yake! Ni mimi tu, Zablon, ninayepitwa kama jiwe!"

Mzee Zablon alikuwa amesimama katikati ya kichochoro kinachotenganisha nyumba yake na ya Zaitun, fimbo juu, koti lake la kahawia likipepea kwa upepo wa Juni. Zaitun naye alikuwa nyuma ya karai lake, mafuta yanachemka, mwiko mkononi. Wateja sita waliokuja na haraka ya kuwahi kazini Mtumba ghafla hawakuwa na haraka tena.

"Shikamoo kwanza, mzee," alisema Zaitun. "Usije ukasema na mama mtu hajakuamkia."

"Marahaba. Na usinizungushe. Jana Sabrina kapita hapa mara tatu. Mara tatu, Zaitun! Nimekaa kwenye kigoda changu, namtazama, ananitazama, huyo kapita. Tangu tulipogombana kwa yale maji yako ya kufulia uliyomwaga kichochoroni, umemfundisha mtoto anidharau."

"Mimi? Nikae nimfundishe mtoto kiburi? Muda huo nautoa wapi?"

"Muda unao," alidakia Khalidi wa bodaboda, andazi limejaa mdomoni, na wote wakacheka, kwa sababu Nzuguni nzima ilijua kwamba Zaitun akikosa muda wa kulala, muda wa habari za watu haukosi.

Mzee Zablon hakucheka. "Nitafika shuleni kwake," alisema. "Nikawaulize walimu, huo mtaala mpya tunaousikia redioni una ukurasa wa adabu au hauna."

Akageuka, akarudi kwenye kibaraza chake, akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mikono juu ya fimbo, kimya. Ndivyo alivyokuwa akikaa kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Koti la kahawia, ukuta wa tofali za udongo, ungedhani wamezaliwa pamoja.

Zaitun aligeuza maandazi, lakini moyo haukuwa kwenye karai. Ugomvi na Mzee Zablon aliuzoea, ulikuwa kama chumvi ya mtaa. Kilichomuuma ni kwamba habari hii ingemfikia Hamidu, mumewe, na Hamidu alikuwa anangoja kisingizio tu. Anauza mahindi na uwele pale soko la Majengo, na kila mwisho wa mwezi lori lake linapanda Kondoa kufuata mzigo. Juzi, baada ya kusoma ripoti ya shule ya Sabrina, alisema neno moja akalifunga: Jumamosi mtoto apande lori. Akakae kwa bibi yake Kondoa, akanyooshwe, na shule atasoma huko huko.

Ripoti yenyewe ilisema: *Hanakili kazi ya ubaoni. Hajishughulishi.*

Sabrina alikuwa na miaka minane, darasa la pili. Wanne waliomtangulia walishaondoka, mmoja Morogoro, mmoja Singida, wawili wameolewa. Huyu ndiye alikuwa sauti iliyobaki ndani ya nyumba. Na Zaitun alizaliwa kwenye nyumba ya watu kumi na saba, hajui kula peke yake. Akifikiria jioni bila Sabrina, hata hamu ya umbea ilimtoka.

Jambo lililomchanganya ni hili: mtoto hakuwa mjinga. Vile vipande vya magazeti vya kufungia maandazi, Sabrina alivisoma vyote, mpaka matangazo ya vifo. Sindano ikidondoka sakafuni anaiokota yeye. Mchele akiuchambua, hukuti hata punje ya mchanga. Sasa mtoto wa namna hiyo, kwa nini gazeti anasoma na ubaoni hasomi? Mama Erica, jirani mwenye duka, alisema ni kiburi. Hamidu alisema ni uvivu. Zaitun aliyasikia yote mawili, hakuna lililomkaa.

Ijumaa alasiri Khalidi alirudi na pikipiki, akaizima kabla hata haijasimama vizuri.

"Mama Sabrina, walimu wamerudishwa darasa la kwanza!"

"We!"

"Naapa. Nimempeleka mama mmoja shuleni na boksi la vifaa. Watoto wameshaondoka, walimu wote wamejifungia darasani. Nikachungulia. Mwalimu mkuu, lile pande la mtu, kakaa kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu! Na usoni..." Alijipitishia mkono machoni. "Wamefungwa vitu usoni, wote."

"Vitu gani?"

"Sijui! Nilifukuzwa."

Wateja walianza kupanga majibu. Mmoja alisema walimu wamefeli mtihani. Mwingine alisema ni mtaala mpya, hata wao hawauelewi. Zaitun alikuwa tayari anajaza maandazi kwenye ndoo. Watu waliojifungia tangu saa nane lazima wana njaa, na mwenye ndoo ya maandazi hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Dirisha la darasa la pili lilikuwa wazi nusu. Zaitun alisogea, akainua shingo, na kweli! Walimu kumi na mmoja wamebanana kwenye madawati, kila mmoja amefungwa machoni ile nailoni ya kuvalishia madaftari, imekunjwa mara kadhaa na kukazwa kwa mpira. Ubaoni mama mmoja mfupi anaandika, mgongo kawapa.

"Nakilini. Dakika mbili," alisema yule mama. "Asiyemaliza ni mzembe, atasimama."

Mwalimu mmoja alikuwa anachungulia daftari la mwenzake. Mwingine anachora mistari tu, mkono usionekane umelala. Mwalimu mkuu alisema ubao umefutwa, akaambiwa anyamaze. Na nyuma kabisa, Mwalimu Dorkasi, ndiye anayemfundisha Sabrina, alikuwa ameweka kalamu chini, ametulia, anatazama mbele kama mtu anayengoja yaishe.

Ule utulivu Zaitun aliufahamu, hakujua kutoka wapi. Lakini mwalimu mkuu alipojaribu kuegemea mbele dawati likalia, na Zaitun kicheko kikamponyoka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama wa maandazi."

"Mama wa maandazi ni mzazi?"

"Mzazi wa watoto watano, mwalimu. Shukuru."

"Basi ingia ukae. Nafasi ipo."

Yule mama aliitwa Ruthu, mwalimu wa shule ya jirani aliyepewa kazi ya kuwanoa wenzake Ijumaa moja kila wiki mbili. Alimketisha Zaitun nyuma, karibu na Dorkasi, akamfunga nailoni machoni, akakaza mpira.

Dunia ikawa uji. Zaitun aliinua mikono, akaiona. Akatazama dawati, akasoma jina la mtoto aliyelikwangua kwa msumari. Akainua macho ubaoni, akaona giza lililomwagiwa majivu. Chaki ilikuwa inalia, kwa hiyo kitu kinaandikwa, lakini nini?

"Mama wa nyuma, tusomee mstari wa kwanza."

Zaitun, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu toka azaliwe, alifungua mdomo akaufunga. Akainama upande wa Dorkasi kutazama daftari lake. Halikuwa na kitu. Akajikuta anaomba tu yule mama amruke, aende kwa mwingine.

Pale mlangoni mwanga ulipungua kidogo. Kitu kirefu kikasimama, mfano wa nguzo. Zaitun alikitazama. Hakikusogea, naye hakusema neno.

"Kumbe!" nguzo ikasema. "Mama mtu ananikodolea macho, salamu hana! Mtoto angejifunzia wapi?"

Zaitun aliivuta nailoni ikakatika mpira. Mzee Zablon alikuwa mlangoni, fimbo mkononi. Alikuwa amesema atafika, na amefika.

"Shikamoo, mzee! Jamani, sikukuona..."

Neno lilishatoka mdomoni ndipo akalisikia.

"Sikukuona," alirudia, polepole.

Dorkasi naye alishatoa nailoni yake. Wakatazamana, mwalimu na mzazi, macho yote yana alama nyekundu za mpira.

"Sabrina nilimkalisha nyuma kwa sababu ni mrefu," alisema Dorkasi.

"Ukamwandikia hajishughulishi."

"Nikamwandikia." Hakujitetea. Alikunja ile nailoni mara moja, mara mbili. "Mama Sabrina, nimekaa hapo nyuma dakika ishirini. Nimeacha kuandika hata mapema kuliko yeye. Nisamehe."

"Lakini sindano anaokota!" Zaitun alimgeukia Ruthu kama anayelalamika. "Magazeti anasoma! Mtoto asiyeona anaokotaje sindano?"

"Mkono wako umeuona?" aliuliza Ruthu.

"Nimeuona."

"Na mzee mlangoni?"

Zaitun aligeuka, akamtazama mzee.

"Wapo wanaoona vizuri cha karibu, cha mbali ni hayo majivu," alisema Ruthu. "Huwa anawajuaje watu wakiwa mbali?"

Zaitun akaanza kuwahesabu kwa vidole, na kila kidole kilimfungua macho zaidi ya kutoa nailoni. Muuza maji, mkokoteni wake unalia toka kona ya kwanza. Mama Erica hanyamazi hata akiwa peke yake. Yule mwendawazimu anaimba. Baba yake anamjua kwa mwendo, mguu mmoja unaburuta. Wote wanaosalimiwa ama wana sauti ama wanatembea. Na Mzee Zablon...

"Mzee wangu," alisema Zaitun, "wewe huongei. Hutikisiki. Unavaa koti rangi ya ukuta."

"Kwa hiyo kosa ni langu? Kwa kukaa kimya nyumbani kwangu?"

Walimu waliangua kicheko, mwalimu mkuu mpaka dawati likalia tena. Mzee Zablon aliwatazama mmoja mmoja, akaingia, akaokota kipande cha nailoni mezani kwa Ruthu, akakigeuza mbele na nyuma, akakitia mfukoni mwa koti. Swali lake la ukurasa wa adabu hakuliuliza tena.

Dorkasi alisema Jumatatu watapima macho darasa zima, na Sabrina atapewa barua ya kwenda hospitali, huenda akapewa miwani. Mpaka hapo atakaa dawati la mbele.

"Jumatatu ni mbali, mwalimu," alisema Zaitun akichukua ndoo. "Lori linaondoka kesho."

Hamidu alikuta habari inamngoja hata viatu hajavua. Alisikiliza yote, akacheka kwa pua.

"Siku hizi nailoni ya daftari ndiyo daktari?"

"Ivae uone."

"Sivai kitu. Mtoto anakwepa kazi, anakwepa wakubwa, na nyinyi mnamtafutia ugonjwa. Fungasha nguo zake."

Zaitun alitoka nje kabla hajajibu vibaya. Jua lilikuwa bado halijazama, uchochoro wote umekuwa wa dhahabu na vumbi. Mzee Zablon alikuwa kwenye kigoda chake kama kawaida, ila ameshika kile kipande cha nailoni kwa mikono miwili mbele ya macho, shingo ameinyoosha kuelekea kwake.

"Zaitun," aliita. "Hebu simama pale penye karai lako."

Akasimama.

"Usitikisike." Akatazama muda mrefu. "Hm! Na Hamidu yuko ndani?"

"Yupo. Hataki kusikia."

"Asisikie. Atazame." Alishusha nailoni. "Mtume mtoto dukani."

Zaitun alirudi ndani, akamshika mumewe mkono wa shati, akamleta mlangoni. "Simama hapa. Usiseme kitu. Ukimaliza kutazama, nitafungasha mwenyewe." Kisha akapaza sauti: "Sabrina! Kachukue chumvi kwa Mama Erica!"

Sabrina alitoka akirukaruka. Kibaraza cha Mzee Zablon kilikuwa hatua kumi hivi kutoka njia yake. Mzee alikaa wima, mgongo ukutani. Mtoto aligeuza uso upande ule, akatazama pale pale alipo, akapita.

"Umeona kiburi?" Hamidu alinong'ona.

Mzee Zablon aliinua mkono, taratibu, akaupunga. Sabrina alikuwa amesimama anarekebisha kandambili, uso bado uko upande ule. Hakuna. Mzee akatoa ulimi wote nje, mzee wa miaka sabini na mbili, anamtolea mtoto ulimi mchana kweupe. Watoto wengine kule dukani walipasuka kwa kicheko. Sabrina alitazama huku na huku, naye akacheka kidogo ili asiachwe, bila kujua wanacheka nini.

Kicheko kile kilimkata Zaitun. Mkono wa Hamidu aliokuwa ameushika uliacha kuvuta.

Ndipo mzee akagonga fimbo chini, mara moja.

Sabrina aligeuka ghafla, uso ukafunguka wote. "Babu Zablon! Shikamoo, babu! Kumbe upo?"

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee alimnyooshea mkono. "Nipo. Siku zote nipo hapa."

Sabrina alimkimbilia mpaka magotini, kisha akakumbuka chumvi, akaondoka mbio. Hamidu alibaki mlangoni. Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akapiga.

"Eeh, dereva. Kesho nenda na mzigo tu. Abiria hayupo." Akakata. Akamwambia Zaitun, bila kumtazama, "Hiyo nailoni iko wapi?"

"Anayo mzee."

Mzee Zablon alikuwa ameshavuka kichochoro, mara ya kwanza tangu habari ya maji ya kufulia. Alisimama hatua moja kutoka kizingitini, akampa Hamidu kile kipande, kisha akakohoa.

"Sikuja kukaa," alisema. "Nimekuja kuuliza, hiyo miwani akipewa, anaanza kuivaa siku hiyo hiyo? Maana nataka kujua siku ya kunyoa ndevu."

Hamidu hakusikia. Alikuwa ameweka nailoni machoni, anageuka taratibu mlangoni pale, anatafuta nyumba za jirani. Ndani, kifuniko cha sufuria kilikuwa kinatikisika, na harufu ya mlenda wa karanga imeshatoka mpaka nje.

Zaitun alimpokea mzee fimbo yake, akaiegemeza ukutani.

"Maswali tutayamalizia humo humo, mzee wangu. Karibu ndani tule. Sabrina anakuja na chumvi."