Masikio ya Mama Hansa

Watu wa mtaa wa Pasua walisema Kornelia hakuwa na ubaya wowote, ila mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Ukimsalimu tu, asubuhi yako imekwenda. Mumewe Ebenezeri, aliyepandisha wageni mlimani miaka ishirini na minane, alikuwa amejifunza kuitikia "mh" kwa sauti tatu tofauti, na ndoa ikaenda vizuri.

Kornelia alikuwa mpishi wa Mama Hansa, mjane wa Kihindu aliyezaliwa hapahapa Moshi. Miaka ishirini na miwili jikoni kwake ilimfundisha Kigujarati cha kutosha, hata cha kuelewa yale ambayo hakupaswa kuelewa.

Mwezi wa nane hekalu likatangaza katha, yaani maandiko matakatifu yangesomwa na kufafanuliwa siku saba mfululizo. Mama Hansa, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameingoja tangu Pasaka ya akina Kornelia. Asubuhi ya siku ya kwanza, mashine yake ya sikio ikafa. Fundi yuko Arusha, naye alisema wiki ijayo.

"Utanisikilizia wewe," Mama Hansa aliamua.

"Mama, mimi Mlutheri."

"Sijakuambia usali. Nimekuambia usikilize. Mdomo una mlango, sikio halina. Mungu aliliacha wazi makusudi."

Basi wakaenda wote wawili, wakaketi kwenye mkeka saa tatu nzima. Waliporudi, Kornelia alimwinamia sikioni akatoa taarifa kwa sauti kubwa. Mke wa mwenye duka la vitambaa alivaa sari ya zambarau, imemkataa kabisa. Mzee mmoja kule nyuma alikoroma. Msomaji ni kijana, angependeza zaidi akinenepa kidogo.

"Na mfalme?" aliuliza Mama Hansa.

"Mfalme gani?"

Bibi alimtazama. "Leo umepeleka macho. Kesho peleka masikio."

Siku ya pili Kornelia alijitahidi, akagundua kwamba shida haikuwa Kigujarati. Shida ni kwamba kila sentensi ya msomaji, yeye alikuwa na jibu lake. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini ndani alibishana, akashauri, akakosoa, mpaka akatoka amechoka kama aliyelima.

Siku ya tatu majibu yalimwishia. Hapo ndipo mfalme akaingia. Alikuwa ameambiwa atakufa baada ya siku saba. Akaacha kiti chake, akaketi kando ya mto, akaomba kitu kimoja tu, kusimuliwa habari za Mungu. Maji hakuomba, wala chakula. Mimi, Kornelia aliwaza, ningeanza kupigia ndugu simu. Kisha msomaji akaimba aya kwa lugha ya kale ambayo hakuelewa hata neno moja, nayo ikamwingia kama maji ya mfereji yanavyoingia kihambani, kwenye shamba la nyumbani, polepole, bila kuuliza mgomba huu ni wa nani.

Siku hiyo Kornelia alimsimulia bibi vizuri sana. Mfalme alikaa chini ya migomba, na ukungu ulikuwa unashuka.

"Kando ya mto ule hakukuwa na migomba," alisema Mama Hansa.

"Kwani mama ulikuwepo?"

Mama Hansa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. "Mume wangu alipougua alitaka nimsomee. Nilikuwa na shughuli nyingi mno. Endelea, Kornelia. Mfalme aliuliza nini?"

Habari zilipofika Kirua Vunjo, wifi yake Odilia alishuka mbio. "Tumesikia umehamia kwa Wahindi!"

"Mwache," alisema Ebenezeri kutoka bandani kwa ng'ombe. "Kama kuna mahali pa kumkalisha huyu kimya saa tatu, Mungu yupo pale."

Baada ya siku ya saba Kornelia alirudi nyumbani mapema, akamkuta Ebenezeri uani akimenya ndizi. Akaketi, akachukua kisu kingine.

"Leo nimemkumbuka Kastori," alisema Ebenezeri.

Siku nyingine Kornelia angedakia hapo, akaeleza habari za mjane wa Kastori, na mbuzi wake, na yule binti aliyeolewa Rombo. Mdomo ulifunguka kweli. Akaufunga. Ebenezeri alingoja akatizwe kama kawaida. Alipoona kimya, alimwangalia kana kwamba anaumwa. Kisha akaendelea.

Alieleza jinsi rafiki yake alivyoshikwa na baridi kule juu, na jinsi yeye alivyombeba mgongoni akishuka naye, akimzungumzisha njia nzima ili asilale. Walikuwa wamekaribia msitu alipojua kwamba anaongea peke yake. Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kornelia alijua Kastori alifia mlimani; hakujua alifia mgongoni mwa nani.

Aliweka kisu chini, akamshika mumewe mkono uliojaa utomvu wa ndizi.

Ebenezeri akakohoa, akapata ujasiri.

"Na jambo lingine, mama Aika. Kile kiburu chako cha ndizi na maharage."

"Kimefanyaje?"

"Magadi. Unazidisha. Tangu tuoane."

Kornelia alivuta pumzi ndefu. Miaka thelathini na moja! Majibu kumi na mawili yalijipanga mlangoni, kila moja likitaka kutoka kwanza.

"Mh," alisema.