Foto ya Mutoto Asiye na Jina

Ukungu wa ziwa ukipanda mpaka Katindo asubuhi, salle yetu ya ordinateur, chumba cha kompyuta cha shule, inakuwa kama iko chini ya maji. Mashine zinawaka moja moja, rangi ya buluu, na wanafunzi wanaingia polepole na vumbi nyeusi ya volkano kwa viatu. Mimi Kahindo, mwalimu wa salle ile, nawagombeza kila siku juu ya ile vumbi. Asubuhi ile niliwaachilia. Nilikuwa nimeota imprimante, ile mashine ya kuchapa, inatembea juu ya mawe, inatoa karatasi nyeupe, na hakuna mutu wa kuziokota.

Imprimante yenyewe ilikuwa mpya, moja tu kwa mashine zote, na préfet, mukubwa wa shule, alitaka wanafunzi wachape kazi zao wenyewe. Wanafunzi wote wanaingia kwa session moja, yaani jina moja la kuingilia, na ile session nimeifunga vizuri: hawawezi kuongeza kitu, na wakitoka, kila walichoacha mule kinafutika. Ni mimi nilitaka hivyo. Mwaka jana waliniletea virusi mpaka nikalia.

Basi, siku chache nyuma, nilikuwa nimezunguka mashine kwa mashine. Kila moja niliingia kwa jina langu na mot de passe yangu ya siri, nikaweka imprimante, nikachapa karatasi ya kujaribu, nikatoka na furaha. Kesho yake wanafunzi wakasema hawaioni. Nikaingia tena kwa jina langu: iko pale, imetulia. Nikawaambia waache michezo. Exaucée ndiye alisisitiza zaidi, na nikamwambia mbele ya wenzake kwamba macho yake ni ya mapambo tu.

Huyu Exaucée ni finaliste, yuko mwaka wa mwisho, binti ya Mulumeoderhwa, mutu wa Bukavu anayenunua samaki kule Vitshumbi. Mama yake alikuwa amezaa mutoto mwanamuke, baba hayupo. Kwao jina linatoka kwa baba, na yule muzee ni mubishi: alituma neno kwamba hatapatia jina sura ambayo hajaiona. Telefone yake ni ile ya vitufe, foto haiingii. Ilitakiwa foto ya karatasi, na Baharanyi, dereva wa kamyo, alikuwa anaondoka kwenda kule siku ile saa sita. Njia yenyewe tunaijua. Ikifungwa, hakuna anayejua itafunguka lini. Na mji wote haukuwa na courant tangu juzi, studio zote za foto zimelala. Shule tu ndiyo yenye panneau za jua. Nyumbani walikuwa wanamwita mutoto "wewe". Wewe, nyamaza. Wewe, kunywa.

Asubuhi ile ya ukungu Exaucée alipitisha foto kwa mashine kutoka telefone ya jirani yao, na ghafla ile sura ikajaza kioo kizima: macho yamefungwa, ngumi ndogo kwa shavu. Wanafunzi wote wakasogea kuangalia. Hata mimi nilisahau nilichokuwa nasema. Ilikuwa kama sisi sote tuko ndani ya usingizi wa yule mutoto.

Exaucée akasema tena imprimante haiko. Nikamwambia apishe, niingie kwa jina langu, nimwonyeshe mara ya mwisho. Akafunika vitufe vya clavier kwa mikono miwili.

"Usifunge, Madame. Ukifunga, atafutika. Mwenye telefone ameshaenda Mugunga."

Sikuwa na la kufanya. Nikakaa kwa kiti chake, ndani ya session yake. Tangu niitengeneze, sikuwahi kuingia mule. Nikatafuta imprimante huku na huku. Haikuwepo. Kulikuwa na mutoto tu, amelala.

Kumbe niliiweka kwa jina langu, si kwa mashine. Kila mahali nilipoingia, ilinifuata mimi peke yangu. Haya ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

"Macho yako ni mazima," nikamwambia. "Unisamehe."

Nikaenda kwa meza yangu. Kutoka pale nikaiweka ile imprimante kwa kila mashine yenyewe, aione yeyote atakayekaa mbele yake, bila kufunga session ya mutu. Tukangoja. Ukungu ulikuwa umegusa vioo vya dirisha. Halafu Exaucée akasema polepole, "Iko." Akabonyeza mwenyewe. Karatasi ikatoka ya moto, akaikumbatia, akakimbia barabarani na hakuna aliyemkataza.

Kamyo iliondoka nayo. Siku zikapita, nikiota tu ile ngumi ndogo.

Asubuhi moja yenye ukungu, Exaucée aliingia, akaandika kitu, akachapa, akaleta kwa meza yangu. Baba yake alikuwa amepiga simu. Karatasi nzima, nyeupe, na jina moja katikati: Cibalonza.

Kuharibu karatasi hivyo, siku nyingine ningegombeza mpaka préfet asikie. Nililia tu, nikaibandika ukutani.