Nyumba Namba Kumi na Tisa

Vestina aliisoma orodha mara tatu, kidole kikishuka jina kwa jina kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya mradi. Jina lake halikuwemo. La Immakulata Niyonkuru lilikuwa la kumi na tisa.

Miaka miwili nyuma, barabara ilipopanuliwa pembezoni mwa Kibondo, tingatinga liliangusha nyumba zao asubuhi moja. Serikali iliahidi nyumba mpya za tofali na bati kwa kila kaya iliyobomolewa. Tangu hapo wanawake hao wawili, waliojuana tangu utoto, waliishi jirani katika vibanda vya turubai, na wote wawili walisomba maji ya kuchanganyia zege ya nyumba hizo hizo. Awamu ya kwanza ilitoa nyumba ishirini. Kaya zilikuwa sitini na moja.

Jumamosi Vestina alimsaidia Immakulata kubeba godoro hadi nyumba yake mpya. Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji na madirisha ya nondo. Immakulata alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Sikia kitasa, mama Sylvesta."

Vestina alisikia. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mvua za Machi zikaja. Turubai lilivuja upande walikolala watoto wake wanne, na kila alipoamka kukamua blanketi alimfikiria Immakulata, mtu mmoja na vyumba viwili, amelala pakavu. Halafu likamjia jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani: wazazi wa Immakulata walikuja wakikimbia kutoka Burundi. Mwanzoni alilifukuza. Baada ya wiki alikuwa akilitembeza kichwani hata shambani, na lilikuwa likimliwaza.

Akaenda ofisini. Anania, afisa wa mradi, alimsikiliza huku akiandika kitu kingine.

"Unasema ni mkimbizi."

"Wazazi wake walitoka Burundi."

"Sikuuliza wazazi, mama. Yeye ni mkimbizi, au si mkimbizi?"

Vestina alijua kwamba Immakulata alizaliwa hapa, na kwamba wazazi wake walishapewa uraia. Alijua pia kwamba vyeti vyote vilipotea siku ya tingatinga. Yeye mwenyewe aliinama naye kwenye kifusi kutwa nzima kuvitafuta. Aliuliza kama nyumba ikibaki wazi atapewa mwenyeji. Anania akasema wenyeji ndio wa kwanza. Vestina akasema ndiyo, ni mkimbizi, akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Immakulata alitolewa baada ya siku kumi, akaambiwa asubiri uhakiki wa uraia. Alirudi kwenye kibanda chake, akafunga upya kamba za turubai. Hakulia mbele ya mtu. Vestina alimpelekea maharage na hakukaa.

Alingoja kuitwa. Badala yake lilikuja lori kutoka Kasulu, likashusha magunia ya mahindi katika nyumba namba kumi na tisa mpaka dirisha likazibwa. Watu walisema ni mali ya shemeji yake Anania, mfanyabiashara wa huko. Hakuna aliyelala humo. Vestina alipokwenda kuuliza, Anania alimwambia yeye yuko awamu ya pili. Awamu ya pili itaanza lini? Bajeti ikiruhusu.

Siku moja asubuhi Immakulata alisimama mlangoni kwa Vestina, amevaa kitenge cha kanisani.

"Mwakeye, mama Sylvesta," akasalimu. "Ofisini wanataka shahidi, mtu aliyenijua tangu utoto. Nimewatajia wewe. Sina mwingine."

Vestina alitaka kusema anaumwa. Mwenzake alikuwa ameshamshikia kanga yake, anangoja. Wakaenda.

Ofisini walikaa kwenye benchi moja. Immakulata alieleza tena alikozaliwa, shule aliyosoma, mahali wazazi wake walipozikwa. Anania alivuta faili, akalifungua. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na sahihi ya Vestina. Anania aliitazama, akamtazama Vestina, kisha akaifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi bila haraka.

"Huyu ndiye shahidi wako?" akamuuliza Immakulata.

"Ndiye. Huyu ni ndugu yangu."

Anania akachukua kalamu.

"Haya, mama. Sema. Unamfahamu huyu?"

Immakulata aliutafuta mkono wa Vestina, akaushika.